Mwimbaji Ukutani, Mama Mkwe Njiani

Jumatatu, 3 Machi

Kila mteja aliyeketi kwenye kiti changu leo alikuwa na video ileile kwenye simu. Mwimbaji tunayemwita Bwana Sauti, ndani ya ua wa nyumba yake, anamfokea mama mkwe wake na kumwambia ashuke garini atembee kwa miguu. Mvua inanyesha. Mama wa watu anashuka, mkoba kichwani. Jirani alirekodi kupitia dirishani, na sasa nchi nzima ina hasira.

Mimi hasira sina. Nina hofu. Bwana Sauti huyo huyo amechorwa kwenye ukuta wa saluni yangu, mkubwa kama mlango, kipaza sauti mkononi. Nusu ya vijana wa mtaa huu nawanyoa mtindo wake, ule wa mistari miwili juu ya sikio. Na Jumamosi anakuja mama mkwe wangu, mwenye chumba hiki. Anakuja kuamua: chumba kibaki kwangu, au apewe shemeji, kaka wa mke wangu. Tunamwita Chaja kwa sababu anauza chaja za simu, na siku nyingi anakitolea macho chumba changu. Mama mkwe akiingia akakuta nimemtukuza mtesi wa wakwe, nimekwisha.

Jumanne, 4 Machi

Nimeamka na mpango. Kumfuta. Mchoraji akasema wiki hii hana nafasi, kila duka linamfuta Bwana Sauti, nipange foleni. Nikasema nitafuta mwenyewe. Kwani kupaka rangi ni elimu? Nikachukua rangi nyeupe iliyobaki nyumbani. Ilipokauka, macho yakatokea. Nikapaka tena. Macho yale yale, sasa yana huzuni. Fundi cherehani wa chumba cha pili, aliyekuja kunyolewa, aliomba kiti kigeuzwe, anahisi anaangaliwa na marehemu.

Nikabandika na tangazo mlangoni: hapa hatunyoi mtindo wa Bwana Sauti. Vijana wawili walisoma, wakaenda zao. Heri nusu shari kuliko shari kamili.

Mke wangu anasema natapatapa bure. Eti mwenzangu kamfokea mkwewe siku moja, mimi wangu namkimbia mwaka mzima. Nikamwambia mtu maarufu hana mambo ya faragha, akikosea amekosea maisha. Akaniuliza nani kasema. Nikasema watu.

Alhamisi, 6 Machi

Macho yamekataa. Basi, kama hafutiki, ageuke mtu mwingine. Nimemwekea ndevu na miwani kwa dawa ya viatu. Nikawatangazia wateja kwamba huyo ni mjomba wangu. Fundi cherehani akauliza mjomba anafanya nini na kipaza sauti. Nikakigeuza brashi ya kunyolea. Akauliza tena, kwa upole wake ule wa kuudhi, kwa nini kinyozi ajitangaze kwa mtu ambaye hajanyolewa. Watu walicheka mpaka nikazima mashine nisije nikamkata mtu sikio.

Jioni Chaja alipita. Alimtazama mjomba, akanitazama mimi, akatabasamu, akaenda zake. Huyo atasema tu.

Jumamosi, 8 Machi

Balaa. Mama mkwe alifika hata sijamaliza kufagia, Chaja nyuma yake. Nikamwamkia kwa heshima zote, nikamvutia kiti, na bila kuulizwa nikaanza kumlaani Bwana Sauti. Nikasema mtu yule asiimbe tena, asialikwe popote, hata wajukuu zake wasimwamkie. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. Kisha akauliza picha iko wapi. Alikuwa amesuka upya na kuvaa gauni la sherehe ili apigwe picha pembeni yake.

Kumbe ni mpenzi mkubwa wa nyimbo zake. Akasema alilofanya ni baya, tena mama yule aombwe radhi kwa magoti. Lakini hayo ni ya kwao, kwani nani kati yetu alikuwa ndani ya gari lile? Yeye ni mkwe, na anajua mkwe anaweza kusema nini ndani ya gari. Chaja akaitikia kwa kichwa kama mtoto wa shule anayetaka sifa.

Mama mkwe akatoa leso, akamfuta mjomba ndevu. Akasema kinachomuuma si picha. Ni kuona mtu anafutwa kwa siku yake moja mbaya. Akauliza: je, siku yeye akizeeka, akanimwagia chai au akanitukana kwa kusahau mimi ni nani, nitampaka rangi gani? Niliona aibu, aibu ya kweli, masikio yakawaka moto.

Uamuzi wa chumba atautoa kesho jioni.

Jumapili, 9 Machi

Aibu ya jana imeisha na chai ya asubuhi. Nina mpango. Chaja alikuja kupima ukuta kwa ajili ya rafu zake, hata uamuzi bado. Nikafunga mlango, nikawasha simu irekodi, nikaitia mfukoni mwa aproni. Huyu bwana si msemaji, ikabidi nimchokoze kidogo. Mwishowe akakiri kwamba mama yake siku hizi anachosha. Anachosha! Mama mzazi! Nikamtumia mama mkwe rekodi palepale, na maneno machache kwamba mtoto wa aina hiyo hafai kupewa hata stoo.

Kisha nikaketi kwenye kiti cha wateja nisikilize kwa raha. Kweli, Chaja anasema anachosha. Lakini kabla yake kuna mtu anazungumza kwa muda mrefu, tena kwa furaha. Anasema mama yule ni king'ang'anizi, hasikii la mtu, na laiti sisi nasi tungekuwa na gari tungemshusha njiani. Mtu huyo ni mimi.

Nilijaribu kuifuta. Alikuwa ameshaisikiliza.

Sasa mke wangu ananiita sebuleni. Mama yake yuko kwenye simu, anataka spika iwashwe na watoto watolewe nje. Naandika upesi kabla sijaenda. Yale yalikuwa maneno ya ndani, mlango umefungwa, baina ya ndugu. Mtu mzima mwenye busara hawezi kumhukumu mtu kwa maneno ya ndani. Aulizwe Chaja. Yeye ndiye aliyemsema mama yake mzazi, na kwa hilo mimi sitamsamehe mpaka naingia kaburini.