Kioo cha Chini Kushoto

Jumatatu, 8 Julai 2024

Shajara, niwie radhi. Tangu Pasaka sijakuandikia hata mstari mmoja. Si uvivu. Nilikuwa nafikiri, na mimi sichanganyi kufikiri na kuandika. Sasa nimemaliza kufikiri. Nitakuwa msafishaji wa madirisha.

Wazo ni kubwa. Zamani hapa Nyaishozi madirisha yalikuwa ya mbao. Leo kila aliyevuna kahawa vizuri anaweka vioo. Barabara za ndani, hata hivyo, ni zile zile za vumbi jekundu, na kiangazi hiki lori moja likipita, mtaa mzima unageuka rangi ya tofali. Vioo tele, vumbi tele, msafishaji hakuna! Nashangaa kwamba hakuna aliyeliona jambo hili kabla yangu.

Nina ngazi, ndoo, ndimu za kukatia uchafu na mpira wa kufutia vioo ulioletwa kutoka Bukoba. Sina wateja.

Wateja lazima wapatikane kabla ya Jumapili. Siku hiyo shemeji yangu Telesfori anakuja kutoka Rugera, naye anatafuta mtu wa kusimamia nguruwe wake. Mke wangu Joviana amekwisha kumtajia jina. Langu! Amesema mstaafu anayeshinda barazani akihesabu malori ni heri akahesabu nguruwe. Mimi, niliyekuwa Bwana Afya wa kata hii! Nikamwomba muda. Akasema nikipata mteja mmoja tu wa kweli kufikia Jumapili, nitabaki nyumbani kwangu. Nisipopata, nipande gari la kaka yake.

Leo nimeanza kubisha hodi. Mlango wa kwanza, Bibi Nyirabageni. Aliponiona tu, kabla sijajibu shikamoo ya wajukuu, alipaza sauti kwamba choo kina mfuniko, maji ya kunawa yapo, niende nikatazame. Nikamweleza kwamba sikuja kwa ajili ya choo bali madirisha. Akauliza madirisha yamefanya kosa gani.

Mlango wa pili, mwenye nyumba alitaka kujua kama serikali imeleta ushuru wa vioo. Mlango wa tatu haukufunguliwa, ingawa niliona vidole vya mtu chini yake.

Hapo ndipo nilipotambua taabu yangu. Kwa miaka mingi niliingia katika nyumba hizi kukagua. Hakuna anayeamini kwamba nimekuja kusaidia.

Mwisho nikaenda kwa Mama Laurensia, mwenye nyumba ya wageni ya ghorofa. Huyu akikubali, kata nzima itakubali. Alinisikiliza kwa heshima, akanipa kahawa ya kutafuna, kisha akasema hajawahi kumlipa mtu kwa kazi ambayo mvua ya Septemba huifanya bure.

Pastory, muuza mapazia wa upande wa pili wa barabara, alicheka hadi akashika nguzo. “Mzee Byabato, waambie wanunue pazia! Vumbi usiloliona ni vumbi gani?”

Simpendi mtu huyu.

Jumanne, 9 Julai

Nimepata ufumbuzi. Ulinijia kilabuni, nikipita tu.

Muuza rubisi, pombe yetu ya ndizi, hapigi kelele. Anaonja yeye mwenyewe kwanza, kisha anamwonjesha mnunuzi. Mnunuzi akishalowesha ulimi, maneno ya nini? Tatizo langu ni kwamba ninawaeleza watu usafi badala ya kuwaonjesha.

Kesho ni siku ya gulio. Nyumba zitakuwa tupu. Nitapita kila nyumba na kusafisha kioo kimoja tu, kimya kimya, bila kujitaja. Mwenye nyumba akirudi, atakiona kile kimoja kinang’aa na vingine vimejaa vumbi. Atateseka. Atauliza ni nani mwenye mkono huu. Mimi nitakuwa barazani na ndoo.

Kioo kitakuwa kile cha chini kushoto, kila nyumba. Nilipokuwa kazini, nyumba iliyokaguliwa niliitia chaki chini ya mlango, upande wa kushoto, na sikuwahi kubadili upande. Utaratibu ni utaratibu.

Jumatano, 10 Julai

Imekamilika! Nyumba baada ya nyumba, kutoka kanisani hadi kwa Mama Laurensia. Goti limevimba. Vidole vinanuka ndimu. Kuku wa Bibi Nyirabageni walinifuata kutoka dirisha hadi dirisha kama kamati.

Kwa Pastory sikupita. Asionje.

Nilikuwa nimekwisha kusafisha madirisha yangu yote kama mfano. Nilimwambia Joviana kwamba kesho watu watajipanga mstari hapa nje. Akauliza watakuja mikono mitupu au na majembe.

Jumatatu niliwaomba. Kesho wataniomba wao.

Alhamisi, 11 Julai

Nilikaa barazani tangu asubuhi, nimevaa koti. Hakuna aliyekuja. Watu walipita wakinong’onezana na kutazama nyuma. Nikajua wananijadili.

Mchana filimbi ikalia. Mkutano wa kitongoji. Nilifurahi. Kumbe wameamua kuniajiri kwa pamoja!

Mwenyekiti alisimama na uso wa msiba. Alisema kijiji kimeingiliwa. Wezi wamepita jana wakati wa gulio na kuweka alama katika kila nyumba. Alama yenyewe: kioo kimoja kimesafishwa, cha chini, kushoto.

Watu wakashika vichwa. Nami nikashika changu.

Pastory akaomba nafasi kana kwamba yeye ni mpelelezi. Alieleza kwamba mwizi wa siku hizi husafisha kioo ili ammulike mtu kwa tochi akiwa amelala, aone redio iko wapi. Dawa ni pazia zito. Bahati nzuri, alisema, mzigo mpya umefika. Bibi Nyirabageni alisema ameishi katika nchi mbili na hajapata kuona mwizi anayefanya usafi. Wakamwambia akae.

Nilitaka kusimama na kusema ukweli. Niliinua mkono kabisa. Mwenyekiti akauona, akasema, “Naam! Bwana Afya amejitolea!” Makofi yakapigwa. Sikujua nimejitolea nini.

Imeamuliwa hivi. Kila mtu apake udongo kwenye madirisha yake yote, ili wezi wasitofautishe nyumba. Na Mzee Byabato, kwa kuwa anajua kila mlango na hana huruma, atapita kila siku kuhakikisha kwamba hakuna kioo safi katika kitongoji hiki.

Nimeingizwa katika kamati ya ulinzi, nimepewa filimbi.

Ijumaa, 12 Julai

Ukaguzi wa kwanza. Sijapata kuona watu wakitii kiasi hiki katika utumishi wangu wote. Walichimba udongo mfinyanzi wa bondeni wakaupaka kwa viganja, tabaka juu ya tabaka. Wengine waliuchanganya na kinyesi cha ng’ombe ili ushike. Ulishika.

Nyumba moja tu ilikutwa na vioo safi. Yangu.

Joviana alikuwa anakoroga udongo ndani ya ndoo yangu ya kazi. Alipaka dirisha la kwanza. La pili. Alipofika la tatu alinusa kiganja chake, akanitazama, akauliza kwa nini ndimu zetu zote zimekwisha. Nikaficha mikono nyuma. Akakaa chini. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, shajara, hadi kitenge kikalowa machozi. “Baba Winston! Mwizi wa Nyaishozi ni wewe?”

Nilimkumbusha kwamba ndoa ina siri zake. Alikubali kuitunza. Lakini akasema Jumapili iko pale pale, na Telesfori amekwisha kununua mabuti ya saizi yangu.

Pastory ameuza mapazia yote. Amekwenda Kayanga kuongeza mengine. Nimemtajirisha kwa goti langu mwenyewe!

Alasiri nikapata upenyo. Mama Laurensia aliniita faragha. Anatarajia wageni wa harusi kutoka Muleba kesho, na hawezi kuwalaza watu wa heshima katika nyumba inayofanana na kichuguu. Akauliza kama madirisha yanaweza kusafishwa bila kuwaalika wezi.

Nilimjibu kitaalamu. Alama ni tofauti, nikasema. Kioo kimoja kikiwa safi na vingine vichafu, hiyo ni alama. Vyote vikiwa safi, alama imekufa. Akafikiri sana. Akasema nije alfajiri, kabla watu hawajatoka, na nikimaliza bila balaa atanipa kazi hiyo kila mwezi.

Mteja! Mteja wa kweli, aliyeniita kwa mdomo wake! Joviana nitamwambia kazi ikiisha. Mabuti wayavae nguruwe.

Jumamosi, 13 Julai

Kumbukumbu lazima ikae sawa.

Nilifika kukiwa na ukungu. Niliweka ngazi, nikakamua ndimu, nikaanza. Sijui ni shetani gani aliyenishika. Nyumba ina vioo kila pembe, na mimi nikaanza na cha chini, kushoto. Mazoea! Kilipong’aa tu, nikahamia dirisha la pili. Chini, kushoto. La tatu vilevile.

Sungusungu walikuwa wanarudi kutoka doria. Wakaona ngazi. Wakaona alama tatu mbichi, zinachuruzika. Wakaona mgongo wa mtu. Filimbi ikalia.

Mimi ni mjumbe wa kamati. Maagizo yanasema filimbi ikilia, kila mwenye filimbi ajibu. Nikajibu. Nilipuliza kwa nguvu zangu zote, nikiwa juu ya ngazi, hadi mtaa mzima ukatoka na fimbo.

Mwenyekiti aliuliza mwizi yuko wapi. Sungusungu wakaninyooshea vidole. Mwenyekiti akawaambia wasifanye mzaha, huyo ni mkaguzi, mwizi yuko wapi. Nami, Mungu anisamehe, nilitazama huku na huku pamoja nao.

Bibi Nyirabageni ndiye aliyenimaliza. Alisogea, akanusa kioo, akanusa mkono wangu. “Ndimu,” akasema. “Na kushoto. Huyu si ndiye aliyekuwa akitupiga chaki mlangoni? Kushoto kila mara! Nilisema mwizi msafi simjui. Huyu namjua.”

 Kisha Pastory akaanza. “Alaa! Bwana Afya! Kumbe ulikuwa unaniletea wateja?” Kicheko kilienea kutoka hapo hadi kwenye migomba. Hata Mama Laurensia alicheka, kutoka ghorofani, na kitambaa mdomoni.

Niliwaeleza juu ya kuonjesha. Niliwaeleza juu ya rubisi. Mtu mmoja akasema muuza rubisi haingizi kata ya pombe mdomoni mwako ukiwa gulioni.

Hukumu ya mwenyekiti: madirisha yote yaliyopakwa udongo yasafishwe na Mzee Byabato, peke yake, bila malipo. Na filimbi irudishwe.

Nimeanza na kwa Mama Laurensia, wageni wake wakiwa njiani. Nilipomaliza, nyumba iliwaka kama ziwa. Alikiri kwamba hajapata kuiona hivyo. Moyo ukaruka. Kisha akasema kwamba wahudumu wake walikuwa wakinitazama muda wote, wamegundua ni ndimu na mpira tu, basi wataendelea wenyewe. Akaniomba nimwachie mpira.

Nikamwachia. Nyumba zilizobaki nimezimaliza kwa vipande vya magunia. Kila mwenye nyumba alisimama nyuma yangu, mikono kiunoni. “Hapo pembeni bado, Bwana Afya.” “Rudia hapo.” Bibi Nyirabageni alikuwa na kipande cha chaki. Alipotosheka, aliandika alama mlangoni mwake mwenyewe.

Jumapili, 14 Julai

Telesfori alifika baada ya ibada, na gari, na mabuti.

Nilijitetea. Nilisema masharti yalikuwa mteja mmoja, nami jana nimehudumia kitongoji kizima. Joviana akasema mfungwa anayefyeka nyasi za mahakama hana wateja. Nikasema Mama Laurensia aliniita kwa hiari yake. Joviana akauliza ataniita tena lini.  Telesfori alikuwa anayapima mabuti kwa macho, na miguu yangu.

Naandika haya Rugera. Nguruwe ni wengi na hawana adabu. Mmoja ameila kofia yangu. Joviana aliniaga vizuri, lazima niseme. Alinifungia ndizi za njiani, akaahidi kuja Jumapili ijayo, na gari lilipoondoka alikuwa bado anapunga mkono mbele ya madirisha ambayo, kwa haki, yalikuwa safi kuliko yote.

Nilidhani nitalala nikijihurumia. Lakini wakati wa chakula shemeji amenieleza shida yake. Nyama yake ni nzuri, ila hajulikani. Watu wa Rugera wamezoea mchinjaji wa zamani na hawataki kumsikiliza mgeni. Amewaeleza, amewabembeleza, hawataki.

Shajara, nilimwonea huruma. Anawaeleza! Kwa nini hawaonjeshi?

Nimempa mpango wote. Achinje mmoja Jumamosi. Nyama nitaikagua mimi mwenyewe. Jumapili watu wakiwa kanisani, nitapita kimya kimya na kuacha mbele ya kila mlango kipande kimoja kibichi, kimefungwa vizuri kwa jani la mgomba na uzi mwekundu ili kionekane. Jina lisiandikwe. Wakirudi wakute zawadi isiyo na mwenyewe kizingitini, waifungue wao wenyewe, wastaajabu, waulizane usiku kucha imetoka kwa nani. Sioni mtu atakayeweza kulala.

Telesfori aliacha kutafuna. Amenitazama kwa muda mrefu, nadhani kwa heshima. Kisha akasema anahitaji kwanza kuzungumza na dada yake kwa simu.

Wakishaamua, nitakuandikia.