Jinsi Nilivyomfanya Mama Atabasamu

Jumatatu, 3 Juni

Dada mkubwa amepiga simu. Jumamosi mama anatimiza mwaka tangu atutoke. Tutakutana nyumbani kwa dada na kutundika picha ya mama ukutani, kubwa. Fremu ameshaichonga shemeji, mumewe dada. Ni seremala. Zaidi ya hapo hana jipya.

Picha iliyobaki ni moja tu. Ilipigwa mwaka juzi uani kwa dada: mama kakaa katikati, watoto na wakwe wamemzunguka. Simu ya dada iliyotumika kupiga picha hiyo ilitumbukia kwenye beseni la nguo, ikafia humo. Ndugu wengine waliotumiwa waliifuta wapate nafasi ya video za kuchekesha. Mimi peke yangu ninayo, kwenye kompyuta! Kwa nini? Kwa sababu mimi ni mtunza vitu. (Na kwa sababu sikuwahi kuifungua. Hilo ni la daftari hili tu.)

Dada alitaka nimpelekee Miwani, mwenye studio, ambaye nimepanga chumba chake cha uani. Nikamwambia aache masihara. Mimi nimefanya kazi studio, miezi mitatu mizima! Mkono ulishika mwavuli wa taa, lakini macho yalikuwa yanasoma. Kuna bwana mmoja mwenye upara, nilimwongezea nywele pichani, wiki ya tatu zikaota kweli. Dada akaguna. Halafu akasema haya, ila nisiharibu, tumebaki na mama huyo mmoja tu.

Nisiharibu! Mimi!

Jumanne, 4 Juni

Nimeifungua.

Nilikaa nayo kitambo kabla ya kugusa kitu. Mama kavaa gauni la maua madogo madogo, lile la kwendea mahali pa maana. Hacheki. Hata kwenye kamera hatazami, anatazama pembeni, upande wa kushoto. Mkono wake umeshikilia mgongo wa kiti kitupu kilicho karibu naye. Jamani! Nani anaweka kiti kitupu katikati ya picha? Watu wasio na jicho la sanaa, ndio hao.

Na mimi simo. Siku ile nilikuwa mji mwingine nikifuatilia mashine ya kutotolea vifaranga, ambayo baadaye ilithibitika kuwa friji. Nilikuwa nimeahidi kufika mchana. Nilifika baada ya siku kumi na moja. Watoto wa dada wananiita Mjomba Kesho. Malezi ya siku hizi!

Miwani akachungulia mlangoni, akauliza kama nimetengeneza nakala kwanza, nifanyie kazi nakala, ya asili niiache. Nikamjibu kwamba nakala ni za watu wanaojua kuwa watakosea. Akaondoka anatikisa kichwa.

Kiti nimekiondoa. Kazi safi, hata nzi hajui kilikuwepo. Mkono wa mama ukabaki umeshika hewa, nikampa ua. Mama hakuwahi kushika ua maishani mwake, alishika jembe na masikio yetu. Lakini limempendeza.

Jumatano, 5 Juni

Leo tabasamu. Nilidhani ni la dakika tano: unavuta pembe za mdomo juu, basi. Nikavuta. Akawa kama muuza sabuni. Nikashusha. Akawa kama kasikia harufu. Nikaona tatizo ni macho, nikayageuza yatazame mbele, yanitazame mimi hapa nilipo.

Yakanitazama. Nikazima kompyuta, nikaenda kunywa chai.

Niliporudi nikasema nimfungue midomo kidogo, acheke anavyocheka. Mama alikuwa na jino moja la mbele lililomeguka ncha. Ukiliona hilo, ujue umesamehewa. Sasa, lilikuwa la kulia au la kushoto? Miaka arobaini na tisa nimemjua yule mama! Nikampigia mdogo wangu, lakini kwa akili, nikamtega kwamba bila shaka anakumbuka lilikuwa la kushoto. Akasema la kulia. Nikamtega dada kwa la kulia. Akasema aa wapi, la kushoto, kisha akasema ngoja. Akangoja. Nami nikangoja. Mwishowe akasema kuna maziwa jikoni, akakata.

Nimemfunga midomo. Tabasamu la midomo iliyofungwa lina heshima zaidi.

Miwani kaja na kikombe chake, kaitazama kazi muda mrefu, kasema huyo si mama yangu, huyo ni mtu aliyewahi kukutana na mama yangu. Kijicho kitupu!

Alhamisi, 6 Juni

Mabishano makali na Miwani. Kaniambia ana sheria yake. Mteja akija na chunusi, anaiondoa pichani, maana wiki ijayo ingeondoka yenyewe. Hajadanganya, kawahi tu. Akija na kovu, haligusi. Kovu ni mali ya mtu. Nikamuuliza, na wale maharusi anaowang'arisha mpaka mama zao wanawatafuta? Akakosa jibu. (Aliitwa na mteja, lakini angekosa.) Mlangoni akageuka, akaniuliza ninamtengenezea nani hii picha. Swali la mtu aliyeshindwa.

Leo ndiyo nimeingia mwenyewe. Nyuma ya mama kasimama shemeji, mkono kauweka begani kwake, kama yeye ndiye mwanawe wa kuzaa. Mahali pale ni pa mwana! Nikamkata shemeji kichwa, nikaweka changu, nilichokitoa kwenye picha ya kitambulisho. Suti yake imenikaa kuliko inavyomkaa mwenyewe. Mvi nikazifuta. Shavu nikalipunguza. Kovu langu la paji la uso nikaliacha, Miwani asije akasema sina sheria.

Kisha nikarudi nyuma hatua mbili nikatazama. Nipo. Nimesimama nyuma ya mama yangu, uani kwa dada, siku ile ile, jua lile lile, na mkono wangu uko begani mwake. Sijui nilisimama pale muda gani. Chai ilipoa.

Kompyuta ikauliza kama nina uhakika nataka kuihifadhi juu ya ile ya zamani. Mimi nilizaliwa na uhakika. Nikabonyeza ndiyo.

Ijumaa, 7 Juni

Imechapwa, kubwa kama mlango wa kabati. Miwani kachapa bila kusema neno. Nimemwona akiigusa kwa kidole pale penye ua. Kazi nzuri humnyamazisha adui.

Jumamosi, 8 Juni

Sitaki kuandika. Naandika.

Tuliitundika. Watu wakasogea. Wakatazamana. Nikajua wamezidiwa, nikaanza kuwaeleza habari za yule bwana wa nywele. Shemeji alikuwa kasimama mbele ya picha anatafuta, kama mtu aliyepoteza funguo. Akaniuliza, kwa upole wake ule unaoudhi, shemeji, mimi niko wapi? Nikamwambia yeye ndiye alikuwa anapiga picha. Akasema aliyepiga ni jirani.

Dada akausogelea ule mkono begani mwa mama. Kidole cha shahada ni kifupi, msumeno ulikila ncha zamani zile. Akaniuliza nilikatwa kidole lini. Hapo nyumba ikalipuka! Mdogo wangu alicheka mpaka akashika ukuta, akasema Mjomba Kesho kafika hatimaye, ila kwa mwili wa kukodi. Watoto wakaja kuhesabu vidole vyangu. Shemeji mwenyewe alicheka, akasema suti angalau nirudishe.

Dada hakucheka. Akauliza kiti kiko wapi.

Kiti gani? Kile cha karibu na mama. Nikamwambia nilikiondoa, kilikuwa kitupu, kilikuwa kinaharibu mpangilio. Akakaa chini taratibu. Akasema kile kiti kilikuwa changu. Siku ile mama aliwasimamisha juani saa nzima, akamkataza jirani kupiga picha, eti mwanangu yuko njiani, kasema anafika mchana. Mkwe mmoja alitaka kukikalia kiti, mama akakishika asikikalie mtu. Hakuwa amenuna, akasema dada. Alikuwa anatazama geti.

Watoto wakaviachia vidole vyangu.

Dada akasema basi, turudishe ile ya zamani. Nikasema sawa. Kisha ikabidi niseme hii niliihifadhi juu ya ile ya zamani. Hawakuelewa mara moja. Shemeji alipoelewa, akampigia simu Miwani. Miwani akasema kilichohifadhiwa juu hakina chini.

Dada aliigeukia picha. Akasema mama amependeza. Akasema yeye mwenyewe hamtambui mama huyo, lakini amependeza. Kisha akaenda jikoni, na wote tukamsikia akifungua maji ya bomba, na hakuna chombo alichokuwa anaosha.

Jumapili, 9 Juni

Dada amepiga asubuhi. Hakunigombeza, na afadhali angegomba. Ameomba kitu kimoja tu: hata kama ni mbovu, nisiiguse tena picha ya mama. Nimeapa. Nimeapa mara mbili, maana mara ya kwanza alinyamaza.

Mchana nikapita mtaani kwake. Kupita si dhambi. Sikuingia. Nilisimama karibu na geti nikapiga picha ya njia, kuanzia pale mpaka kule kwenye kona.

Nyumbani nikaitia kwenye picha ya mama. Imeingia sawasawa! Nimeirefusha picha upande wa kushoto, nimefungua geti, njia inaonekana yote. Macho ya mama nimeyarudisha pembeni yalipokuwa. Ua nimelitoa. Shemeji nimemrudishia kichwa chake, nilichokitoa kwenye picha yake nyingine, mimi si mwizi. Nami nimejiweka kule mwisho kabisa kwenye kona, mdogo kama punje ya mtama, begi mkononi. Nakuja.

Nilimtazama sana yule mtu. Yuko mbali mno kwa mtu anayesubiriwa. Nikamsogeza kidogo. Mama kama akashtuka, au ni kioo cha kompyuta. Nikamsogeza tena. Nikamsogeza mpaka akafika getini, mguu mmoja ndani.

Dada akapiga tena, eti ninafanya nini. Nikamwambia nimejipumzikia tu, kompyuta hata sijaiwasha.

Kisha nikamtazama vizuri yule bwana wa getini. Shati limejikunja, viatu vimejaa vumbi la safari. Nikambadilishia. Suti ya buluu, viatu vinavyong'aa, na urefu kidogo. Mtu hawezi kufika kwa mama yake amechakaa.