Mwendo wa Kompyuta Yangu na Pasi za Jirani

Niboye, Kicukiro
Kwa Bi. Scovia, Mwenyekiti wa Mudugudu

Ndugu Mwenyekiti,

Nakuandikia kutoka nyumba ile ambayo, kwenye kikao cha Jumanne, ilisemwa mbele ya majirani wote kwamba inatoa sauti ya kinu cha kahawa. Sikujibu palepale kwa sababu nilikuwa nimekasirika, na mtu akikasirika kikaoni huishia kuandikwa kwenye muhtasari. Leo nimepoa. Najibu kwa Kiswahili kwa kuwa sote wawili tumekulia Bukoba na hatutasingizia kutoelewana.

Kikao kiliniamuru niirudishe kompyuta yangu kwenye mwendo wa kiwandani. Nakata rufaa kwa heshima zote, na hoja zangu ni hizi:

1. Unajua niliendesha basi la Kigali–Huye mpaka nikastaafu. Binti yangu Natacha, ambaye ndiye mtoto pekee tuliyenaye, anasoma Montreal. Kila Jumapili jioni tunakutana kwenye mchezo wa malori wa mtandaoni: yeye na lori lake, mimi na langu, tunasindikizana huku tunaongea. Nikimpigia simu hujibu kwamba yuko sawa, kisha anakata. Kwenye lori hukaa saa nzima. Kanisani naenda, lakini Jumapili yangu hasa ni hiyo.

2. Kompyuta ilikuwa inakwama. Nikifika kwenye kona picha inaganda, ikizinduka niko mtaroni. Natacha alikuwa anatangulia, kisha anaegesha kando ya barabara kunisubiri mimi, baba yake, dereva wa miaka yote hiyo. Aibu ya namna hiyo haielezeki mbele ya kikao.

3. Fundi Sangwa wa Gitega ndiye aliyenifungua macho. Prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, hutoka kiwandani ikiwa imepangiwa mwendo wa kiasi, na anayejua pa kubonyeza anaweza kuupandisha. Vijana huita ovakloki. Sangwa alinieleza kwa uaminifu kwamba kwa michezo faida ni ndogo, labda picha nne au tano zaidi kwa sekunde, kwamba joto litazidi, na kwamba yeye kwenye mashine yake hathubutu. Nilimshukuru sana kwa ushauri, nikamwambia apandishe. Picha tano si haba. Macho tunayo mawili tu na hakuna anayeyadharau.

4. Joto kweli limezidi. Kosa si la prosesa, ni la Niboye, ambako alasiri jua huingia moja kwa moja sebuleni kwangu. Ndiyo maana kuna feni tatu, na hizo ndizo mnazoziita kinu. Nilijaribu kuihamishia kompyuta bafuni kwenye ubaridi. Mke wangu Peace alisema maneno ambayo siwezi kumwandikia kiongozi.

5. Prosesa iliyopandishwa haivumilii umeme ukiyumba. Jirani yangu Kagabo, fundi cherehani, mtu mwema anayetuletea pilau kila Idi, hupiga pasi nguo za wateja wake Jumapili jioni hiyohiyo. Akichomeka tu, taa zinafifia, kompyuta inazimika, na Natacha anabaki akiongea peke yake. Naomba Kagabo aelekezwe kutumia pasi ya mkaa.

6. Lakini tusimwonee Kagabo. Haki inataka pasi zote za mudugudu, yaani mtaa wetu mzima, zizimwe saa hiyo, pamoja na birika za umeme na spika za kwaya ya pale chini. Wimbo unaimbwa kwa mdomo.

7. Mwisho, naomba umuganda wa mwezi huu, ile kazi ya pamoja ya majirani wote, ufanyike kwangu. Majirani wakibomoa ukuta wa nyuma, upepo wa bondeni utaingia. Wakipanda na miti upande wa magharibi, jua halitafika. Joto likipungua nitazima feni, na wote walionilalamikia watakuwa wamejiondolea kero kwa mikono yao wenyewe. Sioni wa kupinga. Miti ikichelewa kukua, nitavumilia.

Najua watu walicheka, na wewe ulicheka kidogo, nilikuona. Lakini nyumba ambayo mtoto wake yuko mbali ina kimya kibaya, Bi. Scovia. Hizo feni zikianza kulia najua kwamba anakuja, na mimi nafurahi.

Naamini utalipima jambo hili bila kupendelea pasi. Wasalimie wa nyumbani kwako, wajumbe wote, na hata yule aliyeleta mfano wa kinu. Peace anakusalimu na amesisitiza niandike kwamba hahusiki.

Wako mtiifu,
Karangwa
Dereva mstaafu

Nyongeza: Nilikuwa nimeshaikunja barua hii Natacha alipopiga simu, mwenyewe, katikati ya wiki. Aliuliza kama nimemkasirikia. Anasema tangu kompyuta ipandishwe, ikitulia nampita na haoni ila taa zangu za nyuma, isipotulia natoweka kabisa. Zamani akiegesha kunisubiri ndipo alipojipanga cha kuniambia, na sasa kuna jambo amekaa nalo, hajapata pa kulisemea. Basi nimemwita Sangwa, amerudisha mwendo wa kiwandani na hakunicheka. Hoja zangu zote saba naziondoa, Kagabo apige pasi atakavyo. Barua naituma hivyohivyo kwa sababu habari hii siwezi kukaa nayo: Jumapili nilikwama kona ya kwanza tu, Natacha akaegesha, akaanza kusema. Anaitwa Régis, kwao ni Kagarama, na mwezi wa nane wazazi wake watakuja kuposa. Lori langu lilikuwa bado limelala mtaroni, na wala sikuwa na haraka ya kulitoa.