Skuta ya Theluji Kwenye Mashamba ya Chumvi

Jumatatu, 4 Agosti

Nimevua turubai. Skuta yangu ya theluji, pikipiki ya mkanda isiyo na magurudumu, miaka tisa bandani bila kuwashwa. Nilikuja nayo kutoka Tromsø, Norwei, ndani ya kontena, pamoja na vitabu. Watu walicheka. Wacheke! Tope la mashamba ya chumvi linateleza kama theluji, na gunia haliulizi limeburutwa na nini.

Bi Ruwaida, mwenye mashamba, amechoka na punda wanaosimama njiani kutafakari. Jumamosi, kabla bahari haijajaa kwa bamvua, atakayetangulia kufikisha magunia kumi barabarani atapewa kazi ya kuvusha chumvi msimu mzima. Kitwana na punda wake wameishika miaka kumi na tisa.

Ujira siutaki. Nataka Kitwana aache kuniita "mgeni wetu." Nilitolewa Unguja nina miaka kumi na mmoja. Norwei waliniita Mwafrika. Hapa Bagamoyo naitwa Mnorwei. Lakini anayevusha chumvi ya mji hawezi kuwa mgeni wa mji. Nimelipima hilo pande zote.

Jumanne, 5 Agosti

Imewaka! Kisha ikalia kama fisi. Nikamwita Sada, fundi wa pikipiki. Akaniamkia, akaegemeza sikio kwenye mpini wa bisibisi, akatangaza msiba: beringi mbili za shafti inayozungusha mkanda zimekufa. Namba yake ni ileile ya pampu za maji, kwa hiyo mjini zipo.

Akaonya kwamba beringi hizi zimezibwa kwa vifuniko vya mpira, grisi yake imo ndani tangu kiwandani. Hazifunguliwi. Zikifa, unaweka nyingine. Niliuliza kwa nini. Alijibu kwamba ndivyo zilivyo.

Jibu la namna hiyo sijawahi kulikubali kwa mtu.

Jumatano, 6 Agosti

Beringi mpya zililala kwenye friza ya mpwa wangu Khairiya, ili zinywee na kuingia bila kugongwa sana. Ushauri wa Sada. Khairiya alizikuta kwenye mfuko wa pweza, akauliza kama nimeanza kupika vyuma. Zimekaa sawasawa. Shafti inazunguka kimya.

Barazani Kitwana aliuliza mbele ya watu mnyama wangu anakula nini. Nikasema petroli. Akasema hata hivyo atamletea pumba, mgeni wetu asije akalaza mnyama njaa. Yunus, muuza kahawa, alicheka hadi akamwaga kikombe. Changu.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimefikiri tangu alfajiri. Grisi ya kiwandani inaijulia wapi chumvi ya Bagamoyo? Waunda vyombo wa Mlingotini hupaka mafuta ya papa, na mbao hustahimili bahari miaka. Mbao! Sembuse chuma?

Nimeng'oa vifuniko vya mpira kwa kisu cha kumenyea machungwa. Grisi nimepangusa yote. Nimejaza mafuta ya papa. Sada sijamwambia. Fundi hapewi kila habari.

Ijumaa, 8 Agosti

Banda linanuka. Paka kumi na mmoja mlangoni. Khairiya ameanua nguo zake kambani, amezihamisha. Mafuta yamechuruzika sakafuni, nimeongeza.

Nilipatwa na shaka, nikaenda kununua beringi nyingine. Nane Nane, duka limefungwa. Nimelichukulia kama idhini.

Baada ya sala Bi Ruwaida aliuliza kwa upole ni manukato gani hayo.

Jumamosi, 9 Agosti

Safari ya kwanza, magunia manne. Niliwapita punda kama upepo. Nilipunga mkono. Pengine nilizidisha.

Safari ya pili, magunia sita, katikati ya tope: mlio, moshi, kimya. Mafuta yalikuwa yameshatoka, maji ya chumvi yameingia. Na bahari ilianza kujaa mferejini.

Kitwana akanifikia. Alikuwa na magunia yake ya mwisho. Angeweza kupita. Akamshusha punda mmoja mzigo, akafunga kamba kwenye skuta yangu. Nikamwambia aende zake, ashinde.

"Abdullatif," alisema, "shika usukani. Maneno baadaye."

Magunia yangu mawili yaliyeyuka; yake yalifika yote kumi. Kazi amepewa Kitwana.

Jumapili, 10 Agosti

Aliniita kwa jina. Nimelisikia tena nikinywa chai. Barazani leo alisogea, akanipisha nafasi, akaendelea na hadithi yake. Nimekaa hapo hadi adhuhuri.

Bi Ruwaida, kwa huruma, amenipa amana: pampu mpya ya mashamba ikae kwangu hadi ifungwe kesho. Alisema nisiiguse. Sada akarudia, polepole, kama anayemsomesha mtoto.

Beringi zake ni namba ileile. Na kosa la jana nimeligundua: mafuta ya papa ni mepesi mno peke yake. Yalitaka kuchanganywa na nta ya nyuki.

Nimefungua kifuniko kimoja tu.