Kifaransa Changu Kinatosha

Jumatatu, 3 Machi

Nimeanza Kifaransa chuoni. Daraja la kati. La mwanzo sikulisoma. Fomu iliuliza kama nimewahi kusoma lugha hii, nikatia tiki kwenye "ndiyo". Si uongo. Nimewahi kuisoma kwenye chupa ya marashi ya Mama. Darasa la wanaoanza ni Jumamosi saa moja asubuhi, saa ambayo mwenye akili timamu amelala. La kati ni saa nne. Huu ni mwaka wangu wa mwisho, na bila somo la lugha hakuna joho.

Nilikaa nyuma ya nguzo. Darasa lina nguzo moja tu, nadhani walinijengea mimi. Mwalimu ni mama mfupi, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba. Kasoro yake moja: hatulii mbele. Anatembea. Akanifikia, akaniuliza kitu. Nikajibu "oui", yaani ndiyo. Akauliza tena. "Oui." Mara ya tatu nikaongeza na tabasamu. Darasa zima likaangua kicheko.

Kamusi alinitafsiria baadaye, wala sikumwomba. Kamusi ni mtoto wa jirani yetu, tumekua pamoja, naye yuko darasa hili. Jina hilo alipewa na wanafunzi wenzake kwa kumsema, yeye akalifanya cheo. Eti Mwalimu aliniuliza kama nimepotea, kama nilikuwa natafuta choo, na kama nisindikizwe.

Jumanne ijayo kuna jaribio la mazungumzo, mmoja mmoja mbele ya Mwalimu. Atakayeshindwa anateremshwa daraja la mwanzo. Sina wasiwasi. Nina mpango.

Jumatano, 5 Machi

Mpango: sauti imekauka. Nilijifunga skafu ya Mama shingoni, nikaandika kwenye karatasi kwamba koo limevimba na siruhusiwi kusema hadi wiki iishe. Nikampa Mwalimu kwa mikono miwili. Alisikitika sana. Nikaona uso wa huruma kabisa. Akasema asiyeweza kusema bila shaka ataweza kuandika, basi niende ubaoni niandike imla.

Imla ya nusu ukurasa! Yeye anasoma, mimi naandika nilivyosikia. Nilisikia mengi. Mwishoni Mwalimu aliupiga ubao picha kwa simu. Amefundisha miaka ishirini na miwili, hajawahi kuona kitu kama kile. Ndivyo alivyosema. Kamusi alinuna. Wivu.

Niliambulia neno moja la maana: "depuis". Maana yake tangu. Nimelihifadhi.

Alhamisi, 6 Machi

Nyumbani moto. Dada yangu ana mchumba, mfamasia, mtu mpole, anakula bila kutoa sauti. Mama yake huyo mfamasia anakuja Jumapili kutoka nchi yake, kutuona kwa mara ya kwanza. Hajui lugha yetu hata neno. Anajua Kifaransa tu. Mchumba yuko zamu hadi saa kumi, mgeni ataletwa saa saba. Kwa hiyo saa tatu nzima tutatazamana tu.

Dada akasema tumwite Kamusi.

Nikauliza kwa upole kwa nini tuazime jembe kwa jirani na letu liko uvunguni. Nikataja daraja langu. La kati! Mama akapiga makofi, akasema kumbe ada haikupotea. Baba akasema mtoto wetu kwanza. Dada alinitazama kama aliyeona nzi kwenye chai. Baadaye alinifuata jikoni, akanishika kola.

"Huyu mama akiondoka hapa amekasirika, mwanawe hatanioa. Havuki neno la mama yake. Unajua au hujui?"

Nikamwambia najua.

"Kifaransa, nakuuliza. Unajua?"

Nikamwambia ninacho cha kutosha.

Jumamosi, 8 Machi

Dada amemwalika Kamusi kisirisiri! Nimelijua kwa sababu Kamusi mwenyewe alikuja kuuliza avae nini. Nikamwambia avae apendavyo, lakini saa zimebadilika, aje saa kumi. Akanishukuru. Watu waliosoma sana ni wepesi kuamini.

Kisha nikaingia kazini. Nilikata vipande vya karatasi, nikaandika majina ya Kifaransa, nikavibandika nyumba nzima. Mlango, kiti, jagi, pazia. Baba alilala mchana kwenye kochi, akaenda msikitini na neno la Kifaransa la mto wa kochi mgongoni. Amerudi amefura. Vipande vyote vimebanduliwa kwa amri yake.

Si kitu. Nimeazima kamusi ya karatasi maktabani, nikatafuta maneno ya mezani. Karibu, keti, kula, kunywa. "Kushiba" hakuna. Nikatumia akili: kushiba ni tumbo kujaa. "Kujaa" lipo. Mwanamume ni "plein", mwanamke ni "pleine". Lugha ni hesabu tu.

Jumapili, 9 Machi

Niandike haraka mkono ukiwa bado na nguvu.

Mgeni alifika saa saba kamili. Mama mrefu, mnyoofu, kilemba cha zambarau, mkoba ameushika kwa mikono miwili. Nikamkaribisha. Akaelewa! Nikamwambia keti. Akaketi! Mama alinitazama kwa macho yenye machozi. Mgeni akasema maneno mengi, nikatafsiri kwamba safari ilikuwa njema na nyumba yetu ni nzuri. Huenda alisema hivyo. Ndivyo wageni husema.

Tukala. Mgeni akaona sahani ya Dada tupu, akachukua kijiko amwongeze wali. Dada akaweka mkono juu ya sahani, akaniomba nimwambie ameshiba. Hiyo ndiyo nafasi niliyoingoja siku zote. Nikasema kwa sauti ya kutosha: "Elle est pleine."

Kijiko kikabaki hewani.

Mgeni akamtazama Dada usoni, akashuka hadi tumboni, akarudi usoni. Dada akatabasamu kwa adabu. Mgeni akaniuliza jambo polepole, na ndani yake nikalisikia neno langu: "depuis". Tangu lini! Nilielewa! Nikajibu kwa kidole kwenye saa ya ukutani: tangu saa nane. Akaitazama saa. Akauliza tena, nikasikia "papa", yaani baba. Bila shaka anataka kujua hali ya Baba. Nikamwonyesha Baba, ambaye alikuwa amelegeza mkanda na kujipapasa tumbo, nikasema naye ni plein. Mama pia. Familia yote. Na yeye mgeni, akikubali kuongezewa kidogo, atakuwa pleine hapa hapa mezani.

Mgeni akaweka kijiko chini. Akainuka, akachukua mkoba wake, akatoka barazani, akakaa peke yake akitazama geti.

Mama akaniuliza amesema nini. Nikasema anapunga hewa. Dada aliinuka akaanza kukusanya sahani. Kisha akaziacha zote, akakaa sakafuni jikoni, akafunika uso kwa kanga. Sikupenda. Dada yangu halii ovyo. Nilimpelekea maji, akayakataa. Nikayanywa mimi.

Saa kumi Kamusi akaingia, amefunga tai. Nyuma yake mchumba, bado na koti jeupe la kazini. Mchumba akamwendea mama yake. Wakanong'ona. Nikaona shingo ya mchumba inageuka taratibu kumtafuta Dada, na uso wake hauna rangi. Akamuuliza Dada mbele ya wote: "Ni kweli?" Dada akauliza kweli nini. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulitaja.

Kamusi, kwa kiherehere chake, akapiga goti mbele ya mgeni, akamwomba arudie maneno yangu yote, moja moja. Aliporudia lile la familia yote, Kamusi akafumba macho. Kisha akatueleza. Ndoo inaweza kuwa pleine. Tangi linaweza. Lakini ukisema hivyo juu ya mwanamke, umesema ana mimba. Tena si mimba ya binadamu. Ni neno la ng'ombe. Kwa hiyo nilikuwa nimemjulisha mgeni kwamba Dada ana mimba kama ng'ombe, tangu saa nane, Baba naye anayo, na mgeni akila kidogo ataipata.

Akamgeukia mgeni, akamweleza kwa Kifaransa kirefu. Yule mama alisikiliza mpaka mwisho. Mabega yakaanza kutikisika. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka! Alicheka hadi akaukumbatia mkoba, akafuta macho kwa ncha ya kilemba, akamvuta Dada akamweka ubavuni pake. Mchumba akatafsiri kwamba mama hajacheka hivi tangu amzike mumewe, na kwamba harusi isicheleweshwe.

Mimi yule mama amenibandika jina: Daktari. Kwa sababu ya elimu, nadhani.

Nilimfuata Dada nimpongeze.

"Usinisemeshe," akasema, "mpaka nizae kweli."

Jumanne, 11 Machi

Jaribio. Mpango mpya, rahisi, hauna matundu: anayeuliza hajibu. Niliingia, nikamsalimu Mwalimu, nikamuuliza habari za mama yake kabla hajafungua faili. Sentensi moja, nimeikariri usiku kucha kama shairi. Mwalimu akavua miwani. Akaanza kuongea. Akaongea, akaongea! Jaribio ni dakika kumi, alikula sita. Mimi kazi yangu kutikisa kichwa na kusema "oui", "bien", yaani vizuri, na mara moja "bravo", yaani hongera.

Kumbe alikuwa anaeleza mama yake alivyoteleza bafuni akavunjika nyonga. Bravo niliiweka kwenye nyonga.

Akarudi kwenye Kiswahili. Nimepata kumi na tisa kwa mia. Alisema ujasiri ninao, tena mwingi, sasa nitafute maneno ya kuweka ndani yake. Kamusi amepata tisini na nne. Hakunisema. Aliniuliza tu kama nataka tusome pamoja jioni. Anataka nini mtu huyu?

Alhamisi, 13 Machi

Barua imefika. Daraja la mwanzo. Ninaandaa rufaa.

Leo hata hivyo nimethibitisha kwamba mtihani haupimi kitu. Nilikuwa kituo cha basi. Akaja mama mmoja mgeni, jasho linamtoka, anakokota sanduku kubwa kuliko yeye, akanisemesha. Kifaransa! Nilikitambua mara moja. Sentensi ndefu, kwa kasi, na katikati nikalinasa neno: "port". Bandari. Watu kumi kituoni, hakuna aliyeelewa ila mimi. Alikuwa na haraka, akionyesha saa yake, akionyesha juu mbinguni, akitandaza mikono huku na huku kama ndege. Wenzetu hawa wana furaha sana wakipata msaada.

Nikambebea sanduku mwenyewe, nikampakia basi la bandarini, nikamwambia dereva asimshushe popote hadi mwisho wa njia. Alinipungia mpaka basi likakata kona. Mikono yote miwili, akigonga kioo.