Kengele ya Rupia Moja

Jumatatu, 3 Juni 1912
Nimechelewa tena kazini. Mara ya tatu! Kuikata Mombasa kwa miguu, kutoka Mji wa Kale hadi Mbaraki, na goti langu hili, nifike saa ngapi? Bwana mkubwa wa ghala amesema nikichelewa mara ya nne atatafuta karani mwingine. Zubeida, mke wangu, amelia. Mimi sikulia. Nilikwenda dukani kwa Tayabali kuitazama baiskeli mpya. Nyeusi, inang'aa! Ataka rupia mia na ishirini. Nikacheka kwa dharau, nikaondoka polepole ili aniite. Nimefika hadi sokoni. Hakuniita.

Jumanne, 4 Juni
Nimepata njia! Tayabali hakubali mteja wa kwanza atoke mikono mitupu. Ni mkosi, eti siku nzima hatauza kitu. Kesho mteja huyo ni mimi. Nitataja themanini, kisha ninyamaze. Zubeida, auzaye mahamri na hajapata hasara hata siku moja, ameuliza kwa nini nisiende tu nikazungumza naye vizuri. Wanawake hawajui biashara.

Jumatano, 5 Juni
Nimeswali alfajiri, nikasimama mlangoni kwake kabla hajafungua. Nikataja themanini. Akashika ndevu. Akasema kweli, mteja wa kwanza haachwi atoke mikono mitupu. Nikaingiza mkono mfukoni! Akaniuzia kengele ya baiskeli, rupia moja, na shukrani tele kwa kumfungulia siku. Kazini nimekwenda mbio za kuchechemea, kengele yalia mfukoni kila hatua. Nimeponea chupuchupu.

Alhamisi, 6 Juni
Hila nyingine. Namtuma binamu yangu Aidarus akaikashifu ile baiskeli. Aseme mnyororo umelegea, ataje sitini, aondoke zake. Tayabali akishavunjika moyo, naingia mimi. Tatizo Aidarus ni mpole mno. Nimemfundisha kukunja uso mara nne, bado ananichekea.

Ijumaa, 7 Juni
Msaliti! Ameinunua yeye! Asema aliona haya kutukana mali ya mtu. Akamwamkia, akauliza hali ya watoto, akanywa kahawa vikombe vitatu, na mwisho Tayabali mwenyewe akamshushia hadi tisini. Tisini! Naogopa, wallahi. Kesho goti likikataa, kazi basi.

Jumamosi, 8 Juni
Asubuhi Aidarus yuko mlangoni na baiskeli yake. Akaniambia nipande nyuma, yeye kazini kwake Kizingo hawaanzi mapema, atanipeleka kila siku wala nisitaje malipo. Machozi yakanitoka. Nikasingizia vumbi. Njia nzima naipiga kengele yangu, watu wanatupisha. Nimefika kabla ya bwana mkubwa! Zubeida amemwombea Aidarus dua ndefu.

Binamu mwema sana. Jumatatu nitaanza kumwambia gurudumu la nyuma limepinda. Nigune kwenye kila shimo. Mwezi hauishi, ataniuzia kwa hamsini na kunishukuru juu yake.