Namba Sita na Kocha wa Wexley

Alhamisi, 7 Novemba
Jirani yangu Darlene Kowalczyk amebandika nembo ya chuo kwenye kioo cha nyuma cha gari lake. Binti yake, wa timu moja na wangu, amepata nafasi ya kucheza soka huko. Ameegesha mbele ya nyumba yangu dakika kumi na mbili, injini imezimwa. Nilihesabu. Binti yangu Maren, beki wa kushoto, jezi namba sita, mwaka wa tatu sekondari, bado hana chuo. Makocha wanataka mchezaji awaandikie mwenyewe. Nimewaandikia mimi, kwa jina lake. Barua pepe kumi na moja. Maren hajui. Ana mtihani wa kemia, asisumbuliwe.

Ijumaa, 8 Novemba
Ushindi! Kocha Lindqvist wa Chuo cha Wexley amejibu. Kesho atakuja kwenye mashindano kumtazama Maren. Wexley ndicho chuo pekee anachokitaka, tangu darasa la saba. Nikampa habari. Akauliza kocha amemjuaje. Nikasema watu wanaongea. Akanisihi: Baba, kesho nakuomba, kaa kwenye kiti na unyamaze. Nikaahidi. Sikusema kiti kipi.

Jumamosi, 9 Novemba
Wazazi hukaa upande huu wa uwanja, makocha wa vyuo upande ule. Mzazi kuvuka ni marufuku. Nikavaa fulana yenye kola, kofia, filimbi shingoni. Nikavuka! Nikakunjua kiti kando ya Lindqvist, nikamwambia yule namba sita ana mguu wa dhahabu. Akauliza natoka chuo gani. Nikajibu: chuo kidogo tu, cha Alaska. Akashangaa kama kwenye theluji ile soka inachezeka. Ndani ya ukumbi, nikasema.

Akasema miguu ya namba sita anaipenda, ila barua zake zinamtia wasiwasi: binti wa miaka kumi na sita anaandika kama wakala wa bima. Mimi ni wakala wa bima. Nikakohoa.

Akaendelea: "Mtoto namtazama nusu saa. Mzazi namtazama mechi nzima. Wa huyu yuko wapi?"

Ng'ambo, Darlene alikuwa akifuma soksi, kimya kabisa. Nikamnyooshea kidole. Lindqvist akafurahi, akaandika kitu.

Dakika ya sabini Maren akakwatuliwa.

"We refa, umelala? Huyo mwanangu!"

Sauti ilikuwa yangu. Makocha kumi na tisa waligeuka. Lindqvist akapiga mstari mrefu kwenye karatasi yake. "Haya, Alaska," akasema, "rudi kwa wazazi wenzio."

Jumapili, 10 Novemba
Maren amefungua kompyuta yangu, amezisoma barua zote kumi na moja. Kwa sauti, mezani, pankeki zikipoa. Alipofika "usisite kuwasiliana nami kwa ufafanuzi zaidi" akaanza kulia. Amesema Wexley imepotea, na aliyeipoteza ni mimi. Kisha akajifungia chumbani kumwandikia Lindqvist barua ya kwake. Nikajitolea kuipitia. Mlango haukufunguliwa. Watoto hawana shukrani.

Ijumaa, 15 Novemba
Amepata! Lindqvist amempigia simu Maren mwenyewe, nafasi ni yake. Nimeiona ile barua hatimaye. Sentensi nne: "Barua za mwanzo aliandika baba yangu. Yule mtu wa Alaska pia ni baba yangu. Samahani. Mimi nacheza kushoto na nitacheza popote utakaponiweka." Lindqvist amesema ndiyo barua ya kwanza mwaka huu aliyoiamini. Haina hata salamu za heshima!

Kuna sharti moja: baba asikanyage uwanja wa Wexley siku ya mechi, miaka yote minne. Maren amelikubali haraka mno.

Kwa ujumla mpango umekwenda kama nilivyoupanga. Bila barua kumi na moja, ya kumi na mbili ingetoka wapi?

Nimelisoma sharti mara tatu. Linamtaja baba. Halisemi lolote kuhusu mkata nyasi, na Wexley wanatafuta mmoja. Nimetuma maombi. Mdhamini wangu ni Maren. Barua yake ya kunisifu nimeimaliza leo mchana, na safari hii nimeandika kama binti wa miaka kumi na sita.